Nani Ajuaye Atakayeingia Harvard?

MWALIMU WA SEKONDARI: Kwa mwaka wa masomo ulioanza 2024, Harvard ilipokea maombi 54,008 na kuwakubali waombaji 1,937. Hawafiki wanne katika kila mia. Uchache huo si kosa la mtu. Nafasi zikijaa zimejaa. Linalonikera ni jingine: hakuna awezaye kumwambia kijana, kabla hajatuma maombi, kama atakuwa miongoni mwa hao wanne au wale tisini na sita. Tanzania na Kenya, matokeo yakitoka, mwanafunzi huchukua karatasi akapiga hesabu: nina pointi hizi, kozi ile mwaka jana ilikomea hapa, basi niombe hii, na ile iwe akiba. TCU na KUCCPS, vyombo vya udahili vya nchi hizo, zina matatizo yao na sisi walimu tunayajua, lakini mtoto akikosa nafasi anajua amezidiwa na nini. Huko Marekani faili lilelile, lenye alama zilezile, insha ileile na barua zilezile za walimu, linaweza kukubaliwa Yale, likakataliwa Cornell na kuwekwa kwenye orodha ya kusubiri Duke, wala mwenye faili hapewi sababu hata moja. Mzee, wewe umezeekea katika ofisi hizo. Chuo kisichoweza kumwambia mtu kwa nini huyu yumo na yule hayumo, kazi yake tuiite upimaji, au tuiite kamari yenye barua nzuri?

AFISA WA UDAHILI MSTAAFU: Umeanza na namba, Mwalimu, nami nitakujibu kwa namba. Kesi ya Students for Fair Admissions dhidi ya Harvard ilipoanza kusikilizwa Boston mwaka 2018, mambo ya ndani ya chuo yalianikwa mahakamani. Katika mwaka mmoja uliochunguzwa, waombaji wa ndani ya Marekani walikuwa takriban 26,000, nao waligombea nafasi zipatazo 1,600. Zaidi ya 8,000 kati yao walikuwa na wastani kamili wa alama za sekondari. Zaidi ya 3,000 walikuwa na alama kamili ya hisabati katika mtihani wa SAT. Sasa nipe karatasi yako uliyopigia hesabu ya kozi, unionyeshe mstari tungeuchora wapi. Ukichukua wenye hisabati kamili peke yao, umejaza chuo na kuwaacha nje wengi walio sawa nao, tena umelipata darasa lisilo na mshairi wala mwanahistoria. Kwa hiyo tunasoma. Faili huanzia kwa afisa wa eneo analotoka mwombaji. Huyo hutoa alama za 1 hadi 6 katika masomo, shughuli za nje ya darasa, michezo na haiba, kisha alama ya jumla. Kamati ndogo ya eneo hulijadili, halafu kamati kuu ya watu wapatao arobaini hupiga kura. Mtu anaweza kusema tumekosea kuhusu mtoto fulani. Kusema tunacheza kamari ni kutowatendea haki watu wanaokesha na mafaili kuanzia Novemba hadi Machi.

MWANATAKWIMU: Kukesha kwenu sikukatai, Mzee. Ninachouliza ni kama kukesha huko kunazaa kipimo. Mwaka 2023 wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walichapisha utafiti kuhusu vyuo 12: vinane vya Ivy League pamoja na Stanford, MIT, Duke na Chicago. Walitaka kujua kama kusoma katika vyuo hivyo kunambadilishia mtu maisha, na ili kulijua hilo walihitaji watu wanaolingana kwa kila kitu isipokuwa kuingia au kutoingia. Waliwapata wapi? Kwenye orodha zenu za kusubiri. Waligundua kwamba aliyekubaliwa kutoka kwenye orodha hiyo na chuo kimoja hakuwa na nafasi kubwa zaidi ya kukubaliwa na vyuo vingine vya kundi hilo kuliko aliyeachwa. Kama kamati ingekuwa imeona ubora uliofichika ndani ya faili, kamati nyingine zinazosoma faili hilohilo nazo zingeuona, angalau mara kwa mara. Hazikuuona. Yaani watafiti walichukua uamuzi wenu wa mwisho, wakaupima, wakaukuta unafanana vya kutosha na nasibu kiasi cha kuutumia kama jaribio la kisayansi. Na kesi hiyohiyo uliyoitaja ilifichua hatua ya kupunguza: kamati ikishapiga kura zake na kukuta imekubali wengi kupita nafasi, hurudi kuwapogoa. Waliokuwa ndani wanatolewa, bila faili zao kubadilika hata nukta.

AFISA: Utafiti huo naufahamu, na sitaki uutumie kuvuka mahali ulipofika. Umepima wale wa ukingoni, walio kwenye orodha ya kusubiri. Haukusema kwamba aliyekubaliwa siku ya kwanza ni sawa na aliyekataliwa siku ya kwanza. Tena kamati mbili kutofautiana si dalili kwamba zote mbili zimefumba macho. Chuo kimoja kinaanzisha idara ya uhandisi, kingine kina maprofesa wa Kigiriki cha kale wanaofundisha madarasa yenye viti vitupu, cha tatu okestra yake inapoteza wapiga fidla wote mwaka uleule. Kijana anayesoma Kigiriki atakuwa lulu huku na wa kawaida kule. Yeye haoni mahitaji ya mwaka huo, ndiyo maana jibu humjia kama radi. Ila kutotabirika kwa anayetazama kutoka nje si sawa na kukosekana kwa sababu ndani. Hata mwajiri hamwelezi kila aliyemkataa ni pengo gani alikuwa anaziba.

MWALIMU: Hapo ndipo nilipokuwa nakungojea, Mzee, kwenye hilo neno mahitaji. Mahitaji ya nani? Data ya kesi yenu ilipochambuliwa na mchumi Peter Arcidiacono na wenzake, ilionekana kwamba zaidi ya asilimia 43 ya Wazungu waliokubaliwa Harvard walikuwa katika moja ya makundi manne: wanamichezo walioteuliwa na makocha, watoto wa wahitimu wa chuo hicho, watoto wa walimu na wafanyakazi wake, na wale walio kwenye orodha maalumu ya mkuu wa udahili, ambayo hubeba majina ya watoto wa wafadhili. Kwa Wamarekani weusi, Walatino na wenye asili ya Asia, sehemu hiyo haikufika asilimia 16. Mtoto wa mhitimu alikubaliwa kwa kiwango cha kama asilimia 33, wakati asiye na mzazi hapo alikuwa kwenye asilimia 6. Mwanamichezo aliyeteuliwa na kocha alikaribia asilimia 86. Asilimia 86! Huyo hana wasiwasi wowote, huyo anajua. Basi tusiseme udahili wenu hautabiriki. Unatabirika vizuri sana kwa mtoto ambaye babake alisoma hapo, au aliyelelewa kwenye klabu ya mashua na vitara. Kutotabirika ni mzigo waliobebeshwa waliobaki. Ndiyo maana matajiri walionaswa katika kashfa ya Machi 2019 hawakuhangaika kuhonga wasomaji wa insha. Dalali wao, Rick Singer, aliwapeleka kwa makocha na kwa wasimamizi wa mitihani. Walijua ni mlango gani hufunguka kwa uhakika, wakalipia huo.

AFISA: Singer alifungwa miaka mitatu na nusu, na waliokamatwa walikuwa wamekidanganya chuo, si kukitii. Tusimtwike mwenye nyumba dhambi za mwizi. Kuhusu watoto wa wahitimu nitasema jambo lisilopendeza: vyuo hivi havina wizara inayovilipia. Harvard ina mfuko wa zaidi ya dola bilioni 50, uliojengwa na wahitimu kwa vizazi. Faida ya mfuko huo ndiyo inayomwezesha mtoto wa familia yenye kipato cha chini ya dola 100,000 kwa mwaka kusoma bila kulipa chochote: si ada, si chakula, si malazi. Mtoto wa mkulima aliyekubaliwa leo analipiwa na wahitimu wa jana, na wahitimu hao hutoa kwa sababu wanajiona ni ukoo. Ukivunja ukoo, niambie utamlipia mtoto wa mkulima kwa fedha zipi.

MWANATAKWIMU: Jibu tunalo, Mzee. MIT haimpi mtoto wa mhitimu upendeleo wowote, na haijafilisika. Johns Hopkins iliacha desturi hiyo mwaka 2014, ikaitangaza hadharani mwaka 2020. Katika mwongo ulioishia 2019, sehemu ya watoto wa wahitimu katika mwaka wa kwanza ilishuka kutoka asilimia 12.5 hadi 3.5, huku wanafunzi wanaostahili ruzuku ya serikali kwa familia maskini wakipanda kutoka 9 hadi 19. Najua utanikumbusha kwamba mwaka 2018 Michael Bloomberg aliipa Hopkins dola bilioni 1.8. Ni kweli. Lakini alizitoa chuo kikiwa kimeshaacha upendeleo kwa miaka minne, na alielekeza ziwe za msaada wa fedha kwa wanafunzi. Ukoo haukuvunjika.

MWALIMU: Kwa hiyo turudi kwenye mtihani. Mtihani una ubaya wake, ila haujui jina la baba. Historia yenyewe inafundisha. Miaka ya 1920 Harvard ilikuwa ikichukua wanafunzi kwa mtihani, na watoto wa wahamiaji Wayahudi wakafaulu kwa wingi hadi wakapita robo ya wanafunzi wapya. Rais wa chuo, Lawrence Lowell, alitaka kuwawekea kikomo cha asilimia 15. Wakufunzi wakakataa kikomo cha wazi. Mwaka 1926 ikapatikana njia ya kimya: idadi ya wanafunzi ikafungwa, na tabia na haiba ya mwombaji zikaanza kuhesabiwa. Haiba hiyo, Mzee, ndiyo ile uliyoitaja mwanzoni kati ya 1 na 6, na ndiyo waombaji wenye asili ya Asia waliyopewa alama za chini kwa wastani kuliko Wazungu, kama kesi ilivyoonyesha. Kigezo kisichopimika hutumika kwa kila lengo lililoko. Halafu tazama kilichotokea SAT ilipofanywa hiari wakati wa Uviko-19. Dartmouth ilichunguza mafaili yake, ikaona kuwa vijana wa familia za kipato cha chini walificha alama ambazo zingewasaidia, kwa kuwa walidhani ni ndogo mno. Hawakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba alama 1,400 kutoka shule isiyo na maabara ina thamani kubwa kuliko 1,500 kutoka shule ya milioni. Februari 2024 Dartmouth ikarudisha mtihani. MIT ilikuwa imeurudisha tangu 2022, na Yale, Brown na Harvard zikafuata. Mtihani ulipoondolewa, aliyepotea njia kwanza ni maskini.

AFISA: Sikiliza ulichokisema mwenyewe, Mwalimu: alama 1,400 ya shule isiyo na maabara ina thamani kubwa zaidi. Nani anaijua thamani hiyo? Si mashine ya kusahihishia. Ni afisa wa eneo anayezifahamu shule za eneo lake, anayejua kwamba katika shule ile hakuna aliyewahi kupita 1,200. Umeutetea mtihani kwa kutumia jicho la kamati. Ukiachia mtihani peke yake utapata kinachoonekana katika utafiti wa Chetty huyohuyo: watoto wa asilimia moja ya juu kwa kipato walikuwa na uwezekano mara 13 wa kupata 1,300 au zaidi, ukiwalinganisha na watoto wa tabaka la chini kabisa. Mtihani haujui jina la baba, lakini pochi ya baba unaijua. Na kama unataka kuona mfumo unaotabirika kabisa, nenda Kota, Rajasthan, nchini India, mji uliojengwa juu ya masomo ya ziada ya kujiandaa na mtihani wa kuingia vyuo vya teknolojia vya IIT. Pale hakuna insha wala haiba. Kuna namba na nafasi yako kitaifa. Kuna pia vijana waliojiua, mpaka mamlaka ikaagiza feni za dari katika mabweni ziwekewe springi. Anayekataliwa na kamati anaweza kujiambia kwamba hawakumwelewa. Anayekataliwa na namba hana pa kujificha. Kutabirika si lazima kuwe ni huruma, wala haki.

MWALIMU: Kota nakubali ni aibu. Hata hivyo kuna kipimo kisichohitaji Kota. Texas, mwaka 1997, ilipitisha sheria kwamba wanafunzi walio katika asilimia 10 ya juu ya kila shule ya sekondari waingie moja kwa moja vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo. Chuo cha Austin baadaye kilibana kiwango chake kwa sababu ya msongamano, lakini msingi umebaki: unashindana na wanaokunywa maji ya bomba moja nawe. Msichana wa shule ya mpakani, karibu na Mexico, anajua tangu kidato cha kwanza anatakiwa awe wa ngapi. Ndicho ninachokiomba, asifichwe shabaha.

AFISA: Texas ina shule za jimbo moja na chuo cha umma chenye makumi ya maelfu ya wanafunzi. Wanafunzi wanaoongoza shule zao za sekondari Marekani nzima ni zaidi ya 20,000 kila mwaka, maana shule zenyewe zinazidi idadi hiyo. Harvard ina viti 1,600. Ukichukua wa kwanza peke yake kutoka kila shule, bado umekwama palepale nilipokuonyesha awali.

MWANATAKWIMU: Ndiyo maana nasema nyote wawili mnatafuta mstari mahali ambapo mstari haupo. Kati ya waombaji 54,000, wako wachache ambao kila kamati ingewataka. Wako wengi ambao masomo yangewashinda. Katikati kuna maelfu wanaoweza, na kutoka hapo hakuna mtihani wala msomaji anayeweza kusema nani ni wa 1,900 na nani wa 2,000. Michael Sandel, ambaye mwenyewe anafundisha falsafa Harvard, alipendekeza mwaka 2020 katika kitabu chake The Tyranny of Merit kwamba wasioweza kumudu masomo waondolewe, kisha waliobaki wachaguliwe kwa bahati nasibu. Kabla yake mwanasaikolojia Barry Schwartz alikuwa ameshatoa hoja kama hiyo mwaka 2005. Watu walicheka, lakini Uholanzi ilikuwa imefanya hivyo kwa vitendo: kuanzia miaka ya 1970 iliwachagua wanafunzi wa udaktari kwa bahati nasibu yenye uzito, ambapo mwenye alama za juu alikuwa na nafasi kubwa zaidi lakini mwenye za kati hakufungiwa. Madaktari waliopatikana hivyo ndio waliowatibu Waholanzi kwa miongo kadhaa. Faida yake kwangu si wepesi. Ni ukweli. Anayekosa anaambiwa: ulitosha, nafasi hazikutosha. Anayepata hatembei akidhani ameumbwa kwa udongo bora. Hata kwa mtoto wa mfadhili, gurudumu la bahati nasibu halina simu ya kupigiwa.

AFISA: Binti yangu, Uholanzi umeisimulia nusu. Miaka ya 1990 msichana mwenye wastani unaozidi 9 katika 10, jambo ambalo kule ni nadra, alikataliwa na gurudumu lako mara tatu mfululizo. Nchi nzima ilikasirika, sheria ikabadilishwa ili wenye wastani wa 8 na zaidi waingie moja kwa moja, na mwaka 2017 bahati nasibu ikafutwa. Watu wanavumilia kushindwa, kupuuzwa hawakuvumilii. Na kwa habari ya maskini, mambo ni mabaya zaidi. Dominique Baker na Michael Bastedo walifanya majaribio kwa kompyuta, wakitumia data halisi ya wanafunzi wa Marekani, kuona bahati nasibu yenye kiwango cha chini cha alama ingeleta darasa la namna gani. Weusi, Walatino na wenye kipato kidogo walipungua. Sababu unaijua: aliyevuka kiwango kwa shida kutoka shule mbovu na aliyevuka kwa kusukumwa na walimu wa kulipwa wanakuwa tiketi mbili zilizo sawa, na wa pili ni wengi. Gurudumu lako halimpendelei tajiri, ni kweli. Linaacha tu idadi yao impendelee.

MWANATAKWIMU: Utafiti huo unapinga kiwango kimoja kwa wote, haupingi bahati nasibu. Kiwango kikiwekwa kulingana na shule, kama Texas, na uzito ukiongezwa kwa aliyetoka mbali, matokeo yanabadilika. Na Waholanzi wenyewe, baada ya miaka michache ya kuchagua kwa usaili na barua za kujieleza, waliona wanaonufaika ni watoto wenye wazazi wa kuwaandikia barua hizo. Tangu 2023 sheria yao imeruhusu tena bahati nasibu. Sasa nikuulize nawe jambo moja. Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipiga marufuku kuzingatia rangi katika udahili. Vyuo vyote viliamriwa kitu kimoja, siku moja. Mwaka uliofuata, MIT wanafunzi weusi walishuka kutoka wastani wa asilimia 13 hadi 5, na wenye asili ya Asia wakapanda kutoka kama 41 hadi 47. Yale na Princeton, sehemu ya wanafunzi weusi haikubadilika sana. Kwa nini? Sisemi kuna aliyevunja sheria. Nasema hakuna mtu wa nje, awe mzazi, hakimu au mtafiti, anayeweza kukueleza. Uamuzi unaogusa nani atakuwa jaji na nani atakuwa waziri umefungwa ndani ya chumba, na ufunguo unao wewe.

AFISA: Na tukifungua? Mwaka ule tutakapotangaza kwamba tunathamini kujitolea hospitalini, kila mtoto wa Manhattan atakuwa amejitolea hospitalini kabla ya Krismasi. Kuna washauri wa kulipwa wanaoishi kwa kukisia tunachotaka. Ukiwapa orodha, umewapa ramani ya hazina. Maskini ataisoma mwaka mmoja baadaye, ikiwa imeshapitwa. Siri yetu ina ubaya, lakini inamkinga pia yule asiyeweza kununua mkisiaji.

MWALIMU: Washauri hao ramani wanayo tayari, Mzee. Wanaijua kwa sababu wengi wao walikuwa maofisa kama wewe kabla ya kuacha kazi, na ujuzi waliotoka nao ofisini sasa wanauuza kwa saa. Aliyekingwa na siri hiyo ni nani? Mwanafunzi wa Tabora au Kitui hajui hata lililo wazi kwenye tovuti zenu: kwamba Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst humsoma mgeni bila kuangalia uwezo wake wa kulipa, wakati Stanford, Columbia na Cornell, kwa mwombaji wa kutoka nje, huangalia kama anahitaji msaada wa fedha. Hilo linambadilishia hesabu yote, kuliko insha, kuliko haiba. Kijana mwenye Division One ya pointi 3 na baba mwenye duka la rejareja akiomba chuo cha kundi la pili, hashindani na waombaji wote. Anashindana na kikapu kidogo cha fedha kilichotengwa kwa wageni, na ukubwa wa kikapu hicho hatangaziwi. Wala hatakataliwa kwa sababu hafai. Atakataliwa kwa sababu kikapu kimekwisha, na barua itamwambia ushindani ulikuwa mkali.

AFISA: Hilo la kikapu sitalitetea. Bajeti ya wageni hujulikana kabla ya faili la kwanza kufunguliwa.

MWALIMU: Basi itangazwe. Sitakuomba leo uvunje kamati, wala sijaridhika na gurudumu la dada yangu hapa. Mzazi aliyeuza ng'ombe kumlipia mtoto masomo ya ziada hataelewa kwa nini jibu limetoka kwenye gurudumu. Siombi ramani ya hazina pia: naomba namba, na namba haiwezi kuigizwa kwenye insha. Naomba kwamba kabla chuo hakijapokea ada ya maombi, ambayo vingi vya kundi hili hutoza zaidi ya dola 70, kiandike juu ya fomu namba mbili kwa mwombaji wa kutoka nje: mwaka jana walioomba wakihitaji msaada kamili walikuwa wangapi, na waliokubaliwa walikuwa wangapi. Zisiwe namba za waombaji wote zikichanganywa na watoto wa wahitimu na wapiga makasia. Ziwe za watu kama yeye. Namba mnazo ofisini, Mzee, na kuzichapisha hakuhitaji sheria mpya wala mahakama. Waandikieni wazazi namba hizo mbili, kisha waacheni waamue wenyewe kama fedha yao iende huko.